Shamba lilianza lini kuwa na bei? Historia fupi ya udongo wa Kivu, toka kalinzi mpaka mnada



Ku mikutano yetu ya miezi hii, maulizo mawili yanarudi kila mara. La kwanza ni la wazee: juu ya nini shamba ambalo baba zetu walipewa kwa mbuzi na mtungi wa pombe, leo linaulizwa kwa dola, na kila mwaka dola zinaongezeka? La pili ni la wale ambao wamechukua mkopo: mtu akishindwa kulipa, shamba lake linaweza kweli kuuzwa kwa mnada mbele ya watu?

Komite iliomba tuandike jibu ndani ya barua hii, mbele ya mkutano mkuu. Ku mkutano ule tutapiga kura juu ya jambo zito: chama kikubali ao kikatae memba kuweka karatasi ya shamba kama rehani kwa mkopeshaji. Tunajibu kwa njia ya historia, sababu bei ya udongo haikushuka toka mbinguni. Ilikuja kwa hatua, na kila hatua iko na mwaka wake na sheria yake. Mwenye kujua hatua zile hadanganywi upesi.

Wakati udongo ulikuwa na zawadi, si bei

Wazee wetu hawakuuza udongo. Maneno haya tunayasikia sana, na ni ya kweli nusu. Nusu ingine ni kwamba mtu alikuwa anatoa kitu ili apate udongo. Mufano unaojulikana sana ni wa Bushi. Kule mtu aliyetaka shamba la kudumu alimpelekea mwami ao chifu wake kalinzi, mara nyingi ngombe. Akisha kutoa kalinzi, alikuwa na haki ya kulima, ya kujenga, na ya kuachia watoto wake. Aliyetaka kulima musimu moja ao mbili tu, alichukua udongo kwa bwasa: analima, analipa kidogo ao anafanya kazi, kiisha anarudisha.

Tuangalie vizuri kalinzi ile. Ngombe hakuwa bei. Bei inamaliza mambo kati ya watu wawili: unalipa, unaenda, hamujuane tena. Kalinzi ilikuwa inaanzisha mambo. Aliyepokea ngombe alikuwa mkubwa wako, na wewe mtu wake. Alipaswa kukutetea, na wewe ulipaswa kumuheshimu. Ku Ubembe, ku Bufulero, ku Buhunde na pengine, desturi ilikuwa na majina yake na njia zake, lakini mzizi ulifanana: udongo ulifuata undugu na uaminifu, na mashahidi walikuwa majirani waliokunywa pombe ile siku ya kuonyesha mipaka.

Tusiifanye desturi kuwa paradizo. Chifu mbaya aliweza kunyanganya. Mjane alikuwa na shida, kijana bila ngombe alikuwa na shida. Lakini kitu kimoja hakikuwezekana: mtu wa mbali, asiyejulikana na yeyote, kuja na mfuko wa pesa na kutwaa mlima mzima kwa siku moja juu ya deni. Kwa mnada panahitajika kitu chenye kutengwa na watu wake. Udongo ulikuwa haujatengwa bado.

Mbulamatari na "nchi tupu"

Utengano ulianza tarehe 1 Julai 1885. Siku ile, serikali ya Leopold II ilitoa amri fupi kabisa: mtu asikalie nchi tupu bila karatasi, wenyeji wasinyanganywe udongo wanaoukaa, na nchi tupu zote zihesabiwe kuwa mali ya Leta.

Kwa masikio, amri ile ni nzuri: wenyeji wasinyanganywe. Lakini neno lililofanya kazi ni "tupu". Shamba lililopumzishwa miaka sita ili udongo upate nguvu, ni tupu? Pori la kuwinda na la kukata miti ya nyumba, ni tupu? Malisho ya ngombe wakati wa kiangazi? Kwa sisi hapana. Kwa Mbulamatari, ndiyo. Alihesabu nyumba na mihogo iliyosimama siku ile, na yaliyobaki akayaandika kwa jina lake.

Kivu ilisikia uzito wa amri ile nyuma kidogo. Mwaka 1925 Parke Albert ilianzishwa kule kaskazini. Mwaka 1928 ikaundwa kampuni ya Comité National du Kivu, CNKi, kwa mufano wa ile Comité Spécial du Katanga ya mwaka 1900. CNKi ilipewa kazi ya kugawa udongo wa Kivu kwa wakoloni wa kizungu na kwa makampuni. Hapo ndipo mashamba makubwa ya kahawa, ya chai, ya pareto na ya kinkina yalipanda juu ya milima yenye baridi, pale ambapo udongo ulikuwa mzuri zaidi. Toka 1937 Wabelji wakaleta vilevile makumi ya maelfu ya watu toka Rwanda, wawekwe Masisi na sehemu za karibu. Kwa hiyo udongo uliobakia wenyeji ukapungua mara mbili: mara ya kwanza kwa mashamba makubwa, mara ya pili kwa watu wengi juu ya mlima moja. Magomvi mengi yaliyotuondoa sisi ku nyumba zetu yalipata mbegu pale, ndani ya ofisi, kwa kalamu.

Mwaka 1934 amri ingine iliomba ankete ifanyike mbele ya kusema udongo ni tupu. Watu waulizwe, machifu waulizwe. Ankete zilifanywa, lakini aliyeuliza alikuwa mzungu mwenye askari, na aliyejibu alikuwa chifu ambaye angeweza kuondolewa kesho. Mara nyingi chifu alipokea malipo madogo na kuweka kidole. Tukumbuke picha ile ya chifu anayeweka kidole peke yake kwa niaba ya watu wote. Itarudi.

Karatasi iliyotoka Australia

Wakoloni walileta kitu kingine ambacho bado tuko nacho: sertifika ya kuandikisha udongo. Mufano wake ulitoka mbali, ku Australia ya Kusini, ambako mwaka 1858 Robert Torrens alipitisha sheria mpya. Mbele yake, kule, mtu akitaka kununua shamba alipaswa kusoma mabunda ya karatasi za zamani ili ajue mwenyewe ni nani. Torrens alisema: Leta ishike kitabu kimoja. Jina lililo ndani ya kitabu ndiye mwenyewe. Basi.

Faida yake iko wazi: mwenye jina ndani ya kitabu anakaa kwa amani. Lakini tuelewe juu ya nini Torrens alitengeneza kitabu kile. Alitaka udongo uuzwe kwa urahisi na uwekwe rehani kwa urahisi. Karatasi inayokulinda na jirani, ndiyo hiyohiyo inayomwezesha mkopeshaji kukutoa. Kalinzi haikuweza kupigwa mnada, sababu nani angenunua uhusiano wako na chifu? Sertifika inaweza. Wazo hili wamemba walishike, tutalihitaji mbele.

1966 na 1973: udongo unabadilisha mabwana

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Wakoloni wengi waliondoka kwa haraka, wengine walibaki. Miaka sita nyuma, tarehe 7 Juni 1966, ikatoka sheria ya Bakajika, iliyochukua jina la mbunge aliyeileta. Ilisema: haki zote za udongo na za madini zilizotolewa mbele ya uhuru zinarudi kwa Leta. Watu walifurahi. Wengi ku vijiji walifikiri "kurudi kwa Leta" ni kurudi kwa wenyeji. Haikuwa vile.

Mwaka 1973 mambo mawili yalikutana. Tarehe 20 Julai ilitoka sheria ya udongo, nambari 73-021, ambayo ilirekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi na haipotei kwa kupitisha miaka. Mtu anapewa haki ya kutumia, inayoitwa konsesyo, na haki ile inakuwa halali kwa sertifika. Kifungu cha 387 kikasema udongo unaokaliwa na jamaa za wenyeji nao umekuwa wa Leta. Na cha 389 kikaahidi kwamba haki za wenyeji juu ya udongo ule zitapangwa kwa amri ya Rais.

Miaka makumi ilipita na amri ile haikutoka. Ndiyo shimo ambamo tulianguka. Chifu alikuwa hana tena mamlaka kamili kwa sheria, lakini kwa mazoea alikuwa nayo. Mlimaji alikuwa hafukuzwi na sheria, lakini hakuwa na karatasi. Kati ya hao wawili alipita mtu wa mjini mwenye kujua njia ya ofisi.

Kiisha, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianizasyo. Mashamba makubwa, maduka na vilishio vya ngombe vya wageni vilitwaliwa na kupewa Wazairwa walioitwa "akereri". Walikuwa akina nani? Wakubwa wa chama, maofisa, wafanya biashara waliokuwa karibu na utawala. Wengi hawakulipa. Wengine waliuza mashini, wakala ngombe, wakaacha kahawa imezwe na majani. Toka 1976 wenyewe wa zamani waliitwa warudi, lakini mashamba mengi yalikuwa yamebaki mikononi mwa wakubwa wapya.

Tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka ule hapakuwa mnada hata kidogo. Kama mashamba yale yangeuzwa kwa mnada wa wazi, kwa tangazo, kwa vipande vidogo, wanakijiji wangeweza kuungana na kununua, ao angalau kila mtu angejua nani alitwaa nini na kwa bei gani. Yaligawanywa kwa siri. Kwa hiyo tusifikiri kwamba mnada peke yake ndiyo adui. Mnada wa wazi uko na tarehe, jina na bei. Ugawaji wa siri hauna chochote cha kushika.

Juu ya nini bei inapanda

Ndugu, bei ya shamba haipande kwa sababu moja. Tunaona angalau nne.

Ya kwanza ni pesa yenyewe. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, wakati zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franga 1. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ndani ya sanduku aliamka maskini. Toka pale watu walijifunza masomo mawili: kuhesabu kwa dola, na kuficha mali ndani ya udongo. Mfanya biashara anayenunua shamba na halilime, hanunui mihogo. Ananunua sanduku lisiloibiwa. Kwa hiyo bei ya shamba iliachana na mavuno yake. Hapo hatari ilianza, sababu mlimaji analipa kwa mavuno, lakini anashindana na mtu anayelipa kwa akiba.

Ya pili ni vita. Tangu 1996 watu wanashuka toka milima na kukusanyika karibu na ziwa, karibu na barabara na karibu na miji. Watu wengi juu ya udongo kidogo, bei inapanda. Na nyuma, kule juu, mashamba yanabaki bila mtu, na mwenye bunduki ao mwenye pesa anayachukua kwa bei ya chumvi. Bei inapanda huku na kushuka kule kwa sababu ileile moja: usalama. Mtu ananunua usiku wa kulala, si udongo tu.

Ya tatu ni ngombe na dhahabu. Pesa zinazotoka ku mashimo zinatafuta mahali pa kukaa. Mwenye ngombe mia anahitaji mlima mzima, wakati jamaa kumi za walimaji zingeishi juu yake.

Ya nne ni sisi wenyewe. Jamaa zetu waliotoka kambini na kupelekwa Marekani, Kanada ao Australia wanatuma dola ili kununua parseli na mashamba nyumbani. Hatuwalaumu, ni mapendo ya nyumbani. Lakini tuseme ukweli: dola ya ndugu yetu wa mbali inashindana na franga ya dada yetu wa hapa, na dada ndiye anashindwa.

Mnada wa kimya

Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, tukakaa Nyarugusu, Lugufu na kambi zingine za Kigoma. Toka Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilianza kutuleta Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Wengine wetu tulikuwa nje miaka kumi, wengine zaidi. Watoto walizaliwa kule, walisoma kule, na ndiyo sababu hata Kiswahili chetu kimechanganyika na cha Tanzania.

Tuliporudi, tulikuta nini? Shamba liko, lakini kuna mtu ndani. Anasema: "Mimi nilinunua kwa chefu." Unaenda kwa chefu, anasema: "Mulikuwa mumekufa." Ao ni ndugu wa baba aliyeuza. Ao ni chefu mpya, wa zamani alikimbia naye. Na ukikaa chini kuhesabu, unakuta shamba lile limeuzwa mara mbili, mara tatu, kila mara kwa mtu aliyetoa zaidi.

Huu tunauita mnada wa kimya. Hauna nyundo, hauna tangazo, hauna siku. Lakini kanuni yake ni ya mnada kabisa: anayetoa zaidi anatwaa. Tofauti ni kwamba mwenye shamba hayupo, hajui, na bei haimlipi deni lolote. Ni kidole kilekile cha chifu wa 1934, kinachowekwa peke yake kwa niaba ya wote. Na wajane ndio wanaumia mbele. Shemeji anauza, mjane anasikia kwa jirani siku ya kulima.

Sheria haikutuacha bila silaha. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema Leta inalinda haki ya mali, ya mtu ao ya jamaa, iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Kwa desturi! Neno lile ni kubwa kwa mtu asiye na sertifika. Vilevile sheria ya 1973, toka kifungu cha 193, inaomba ankete mbele ya kutoa udongo wa kijiji: mipaka iangaliwe, watu walio ndani wahesabiwe, na kila mwenye kulalamika asikilizwe, hata kwa mdomo tu. Mara nyingi mtu wa mjini anapata karatasi bila ankete ile kufanyika kweli. Ndiyo maana tunaomba kila memba akisikia kwamba kuna wapimaji ku lokalite yake, aende siku ileile, aseme, na aombe maneno yake yaandikwe. Miaka miwili ikisha kupita tangu sertifika kutoka, kuivunja ku tribinali ni kazi ngumu sana.

Mnada wa nyundo

Sasa tufike ku ulizo la pili. Ndiyo, shamba linaweza kuuzwa kwa mnada juu ya deni. Tangu mwaka 2012 inchi yetu imeingia ndani ya OHADA, umoja wa inchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Sheria yake ya kulipisha madeni ilitoka 1998, ikarekebishwa Kinshasa mwaka 2023. Njia yake ni hii, kwa kifupi: mkopeshaji mwenye haki anamtuma isye na barua ya kuamuru kulipa. Asipolipwa, barua ile inaandikwa ku ofisi ya udongo, na tangu pale mwenye shamba hawezi tena kuliuza kwa uhuru. Masharti ya mauzo yanawekwa ku tribinali. Tangazo linatolewa. Siku inafika, watu wanataja bei, na wa mwisho anachukua.

Wamemba waelewe mambo matatu. Jambo la kwanza: hakuna mkopeshaji, hata awe mkubwa namna gani, mwenye ruhusa ya kuja na vijana wake na kusema "toka, shamba ni letu." Bila isye na bila tribinali, ni unyanganyi. Mwaka huu memba wetu moja, mjane, alifanyiwa vile na mkopeshaji ambaye hatutamtaja, na shauri linaendelea. Jambo la pili: ndani ya maandiko ya 1998, bei ya kuanzia mnada haipaswi kuwa chini ya robo ya bei ya soko. Robo! Shamba la dola 4,000 linaweza kuanza ku dola 1,000, na siku ile wakija wanunuzi wawili tu, tena wanajuana, litaishia karibu pale. Jambo la tatu ni lile la Torrens: mnada huu unahitaji udongo ulioandikwa ndani ya kitabu. Siku unapopata sertifika, unapata ngao, na mlango unafunguka palepale. Kufunga mlango ule ni kazi yako: usiweke sahihi ya rehani bila jamaa yako kujua.

Somo toka Iowa

Kati ya ndugu zetu waliopelekwa Marekani, kuko wanaoishi Iowa, mkoa wa mahindi. Historia ya udongo wa kule inafaa kusikilizwa hapa.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, bei ya mahindi na ngano ilipanda sana, na bei ya mashamba ikaifuata. Walimaji walikopa ili kununua zaidi, sababu kila mtu alisema udongo haushuke bei. Kufika 1920 na 1921 bei ya mavuno ikaanguka. Deni likabaki palepale. Katika miaka ya 1930 minada ya mashamba ikawa mingi kabisa. Hapo majirani walianza kufanya kitu ambacho kiliitwa mnada wa senti. Siku ya mnada walikuja wote, wakasimama pamoja, wakataja senti chache kwa ngombe, senti chache kwa mashini, na mgeni aliyetaka kutaja bei kubwa aliangaliwa kwa macho mabaya. Kiisha walirudisha vyote kwa mwenyewe.

Haikuwa amani wakati wote. Mwaka 1933, ku mji wa Le Mars, kundi la walimaji lilimtoa jaji ndani ya chumba chake na kumtisha kwa kamba, na gavana akaleta askari. Sisi ambao tumeona bunduki ya kutosha hatutaki njia ile. Lakini umoja wao ulisikilizwa: mwaka ule ule Iowa na Minnesota zilipitisha sheria za kusimamisha kwa muda uuzaji wa mashamba juu ya deni, na mwaka 1934 korti kuu ya Marekani ilikubali ile ya Minnesota.

Watu wanasahau. Katika miaka ya 1970 bei ilipanda tena, na walimaji wakakopa tena, rehani ikiwa udongo uleule. Mwaka 1981 ekari moja ya Iowa ilikuwa na bei ya kadiri ya dola 2,147. Mwaka 1986 ilikuwa dola 787. Yaani mtu aliyekopa dola 2,000 juu ya ekari moja, hata akiiuza yote, alibaki na deni. Mnada ukarudi. Udongo haukuwa umebadilika hata kidogo: mvua ileile, mahindi yaleyale. Kilichobadilika ni bei ambayo watu waliamini.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kopa tu, shamba lako linapanda bei kila mwaka", kumbuka Iowa. Deni linahesabiwa kwa bei ya leo. Mavuno yatakuja kwa bei ya kesho.

Tunapendekeza nini

Kutoka historia hii yote, komite inaleta mapendekezo haya ku mkutano mkuu. Wamemba watayajadili na kupiga kura.

Shamba la jamaa, lenye kulisha nyumba, lisiwekwe rehani. Mwenye kutaka mkopo wa biashara aweke bidhaa, mashini, ao dhamana ya kundi lake la likelemba. Parseli ya pili inaweza kujadiliwa. Shamba la chakula hapana.

Kila mauzo ya shamba la memba yapitie barza: mke ao mume awepo, watoto wakubwa wawepo, majirani wa mipaka minne wawepo, na karatasi iandikwe nakala tatu, moja ibaki kwa chama. Mauzo ya usiku kati ya watu wawili na chefu peke yake, chama hakitayatetea.

Tuanze sanduku la kukomboa. Kila memba atatoa kidogo kila mwezi, kiasi kitakachoamuliwa na mkutano. Memba akipokea barua ya isye, sanduku linaweza kulipa sehemu ya deni mbele ya siku ya mnada, na yeye atalipa chama polepole, bila faida kubwa. Ni mnada wa senti wa namna yetu: hatutishi mtu, tunafika mbele ya nyundo.

Karatasi za mashamba zitafutwe kwa kundi. Mtu moja akienda peke yake ku ofisi ya udongo, anazungushwa na kulipishwa bila mwisho. Jamaa ishirini za lokalite moja zikienda pamoja, na ankete ikifanyika mbele ya wote, gharama inapungua na siri inapungua. Na majina ya wanawake yaandikwe ndani.

Ndugu zetu wa ngambo, ambao barua hii inawafikia ku simu, tunawaomba kitu kimoja. Mbele ya kutuma pesa kununua shamba, waulize chama: nani anauza, na juu ya nini? Kama ni jirani mwenye shida ya hospitali ao ya masomo, labda dola zile zinaweza kumkopesha badala ya kumtoa.

Babu zetu walitoa ngombe ili wapate mtu wa kuwatetea. Leo chifu hatoshi, na karatasi peke yake haitoshi. Chama hiki kilizaliwa kambini ili tusaidiane kuzika na kuzaa. Sasa kisimame vilevile juu ya udongo. Tunawaomba wamemba wote waje ku mkutano mkuu, pamoja na wale wenye madeni. Wale wasione haya, sababu mkutano ni wao mbele ya wote. Kila mtu alete karatasi alizo nazo, hata kama ni kipande kilichoandikwa na chefu wa zamani. Makatibu watazinakili palepale.

Komite ya chama